Matabishi ya Samaki wa Kasenyi ni ya Nani?

Samaki anayewekwa mezani Bunia saa saba mchana, huenda usiku uliotangulia alikuwa bado anaogelea katika Ziwa Albert. Wavuvi wa Kasenyi hutega nyavu gizani, hurejea ufukoni kukipambazuka, na wachuuzi, wengi wao kina mama, huwapokea kabla mtumbwi haujatulia mchangani. Samaki hupakiwa kwenye pikipiki na magari, hupanda ukuta ule wa milima unaolitenga ziwa na nyanda za juu, hupita Bogoro, hufika mjini. Jikoni mpishi huinua shavu la samaki kwa kidole gumba atazame kama bado ni jekundu, na mambo mengine ya jiko hufuata hapo. Mteja hula, hushiba, huomba hesabu. Hulipa kwa dola, hurudishiwa chenji kwa faranga kwa sababu sarafu za senti za Kimarekani hazitembei huku, kisha huacha noti mbili tatu kando ya sahani na kwenda zake. Mhudumu huzikunja na kuzitia mfukoni. Swali la makala hii ni kama noti zile zilikuwa zake peke yake.

Msimamo wangu ni kwamba hazikuwa zake peke yake. Matabishi yanayoachwa mezani yanapaswa kugawanywa kati ya wahudumu na watu wa jikoni, pamoja na yule anayeosha vyombo, huku mhudumu akibaki na fungu kubwa zaidi. Lakini mgawo huo una haki pale tu ambapo wafanyakazi wenyewe wameukubali, mwenye mgahawa haugusi, na hakuna senti yake inayohesabiwa kuwa mshahara. Bila masharti hayo ningekuwa upande wa mhudumu anayekataa kutoa kitu, kwa sababu kugawana kunakosimamiwa na patroni ni njia rahisi ya kumnyang'anya mnyonge mmoja kwa jina la mnyonge mwingine.

Majina tunayoyatumia yenyewe yana la kutufunza. Waswahili wa pwani husema bakshishi, neno lililotoka Uajemi likiwa na maana ya kutoa, zawadi ya anayejaliwa kwa asiyejaliwa. Sisi wa Kongo tunasema matabishi, na neno hilo lilikuja na Wareno. Kwao mata-bicho ni "ua mdudu", yaani funda la pombe la alfajiri lililodhaniwa kuua mdudu wa tumboni. Angola na Msumbiji limebaki kuwa jina la kifungua kinywa. Wafaransa nao husema pourboire, ya kunywea, na Wajerumani Trinkgeld, pesa ya kinywaji. Katika lugha zote hizo pesa hii haikuitwa kwa jina la kazi ya kubeba sahani. Ukiacha bakshishi, iliitwa kwa jina la njaa au kiu ya aliyefanya kazi, na njaa hiyo haichagui kati ya anayesimama mbele na anayesimama nyuma. Ipo pia sababu nyingine ya kulikumbuka neno la matabishi: tangu enzi za Wabelgiji limetumika vilevile kwa maana ya hongo. Pesa isiyo na hesabu, inayopita kimyakimya kutoka kiganja hadi kiganja, ina kawaida ya kuharibika jina.

Utetezi wa kwanza wa mhudumu ni kwamba mteja amemlipa yeye kwa huduma yake. Chanda chema huvikwa pete, watasema. Tukichunguza kinachomfanya mtu aache pesa mezani, hoja hiyo inalegea. Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza bakshishi, alikusanya pamoja na mwenzake tafiti nyingi na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Waliona kwamba wateja walioridhika na huduma huacha zaidi kidogo, lakini ubora wa huduma unaeleza chini ya asilimia 2 ya tofauti kati ya bakshishi moja na nyingine. Sehemu kubwa hutokana na ukubwa wa hesabu yenyewe, desturi, na mteja ni mtu wa namna gani. Na ukubwa wa hesabu unatoka wapi kama si jikoni? Meza iliyoagiza samaki mzima mkubwa, sombe, makemba na bugali ya pili imeagiza kwa sababu chakula ni kitamu. Pete imevikwa kidole kilichoonekana, na mteja hana lawama, kwa kuwa hakuonyeshwa mkono mzima.

Tuutazame mkono huo kwa karibu. Jiko la mgahawa wa kawaida Kasenyi au Bunia ni mbabula tatu nne za makala, au mafiga na kuni, chini ya mabati yanayorudisha joto kichwani. Samaki wa ziwani hana subira: barafu ni ghali, umeme ni wa kubahatisha, na anayemnunua asubuhi lazima ajue kumtenga wa leo na wa jana kwa jicho, shavu na harufu. Anamparua magamba, anamchanja ubavuni ili chumvi na ndimu vipenye, anangoja mafuta yachemke sawasawa. Akimtumbukiza mapema ngozi inaganda kwenye karai na samaki anakatikakatika, na akichelewa kumgeuza nje inaungua huku mfupani bado ni mbichi. Wakati huohuo kuna bugali ya kusonga kwa mikono miwili, na bugali ya muhogo ya watu kumi ni mzigo wa mabega. Kando yake yupo anayeosha vyombo, mara nyingi binti aliyeanza kazi kabla ya wote kwa kuchota maji na atakayeondoka wa mwisho. Mafuta yamemganda viganjani, na hakuna mteja aliyewahi kuuona uso wake. Mteja akiumwa tumbo kwa sahani isiyooshwa vizuri atalaumu mgahawa wote. Akifurahi, anayepokea shukrani ni mmoja.

Watu wa Kasenyi hawahitaji kufundishwa kanuni hii na wataalamu wa ng'ambo, kwani ziwa limewafundisha. Katika uvuvi wa maziwa yetu, kuanzia Albert hadi Viktoria, utaratibu uliozoeleka ni kwamba mauzo ya samaki hutolewa gharama kwanza: mafuta ya injini, taa, chakula cha safari. Kinachobaki hugawanywa, mwenye chombo na nyavu akichukua fungu lake, wavuvi wakigawana jingine. Mgawo si sawa kila mahali, na malalamiko hayakosi, hasa dhidi ya wenye vyombo. Hata hivyo, hakuna mtumbwi ambamo samaki huwa mali ya yule ambaye mkono wake ndio uliomwinua kutoka majini. Anayeshika usukani hapati samaki hata mmoja kwa mkono wake. Anayekomba maji yanayoingia chomboni hagusi wavu. Wote wana fungu, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba bila anayekomba maji wangezama. Ni ajabu kwamba samaki yuleyule, aliyegawanywa kwa haki majini, akifika mezani shukrani yake inakuwa ya aliyemshika mwisho.

Kama mfano wa mtumbwi unaonekana uko mbali na mgahawa, upo mwingine, mlimani Kilimanjaro. Mgeni anayepanda mlima ule huwa na kiongozi anayesema naye siku zote tano au sita, na nyuma yao wapo mpishi na wapagazi wenye mizigo ya kilo 20. Bakshishi ya mwisho wa safari ni sehemu kubwa ya pato lao. Kwa miaka mingi mgeni aliiweka yote mkononi mwa kiongozi, kwa sababu ndiye aliyemjua, na wapagazi wengi walishuka na kisichofaa hata nauli. Mradi wa kuwasaidia wapagazi unaojulikana kwa kifupi kama KPAP, ulioanza mwaka 2003, umehimiza jambo moja jepesi: kiasi cha kila kundi kitajwe kwa sauti mbele ya timu nzima. Kiongozi bado hupata kikubwa kuliko mpishi, na mpishi kuliko mpagazi. Kilichokatazwa ni giza. Hoteli nyingi za Zanzibar na kambi za mbugani zina sanduku la pamoja karibu na mapokezi, ambalo mpishi, mfua mashuka na mlinzi wana haki ndani yake. Kwa hiyo anayesema kugawana ni fikra za kigeni zisizowezekana Afrika hajatembea Afrika.

Sasa nimgeukie mhudumu, maana hoja zake si za kupuuzwa. Yeye ndiye anayetukanwa chakula kikichelewa, ingawa aliyechelewa ni samaki. Mhudumu wa kike huvumilia mikono na maneno ya walevi akitabasamu, kwa kuwa tabasamu ni sehemu ya kazi. Katika migahawa mingi mteja akitoroka bila kulipa, deni humwangukia yeye. Mpishi, wanasema, ana mshahara wa uhakika na anakula jikoni. Mhudumu anaishi kwa bahati ya siku. Nakubali karibu yote, na ndiyo maana nasema fungu lake liwe kubwa. Lakini tuangalie kila dai linaongoza wapi. Matusi na mikono ya walevi ni dhuluma inayopaswa kuzuiwa na mwenye nyumba, na matabishi yakichukuliwa kuwa fidia yake tunakuwa tumekubali kwamba heshima ya binti ina bei. Deni la mteja aliyetoroka ni hasara ya biashara, na kumtwika mfanyakazi ni kosa hata kama angekuwa na mifuko kumi ya bakshishi. Kuhusu mpishi kula jikoni, ni kweli, lakini ada ya shule hailipwi kwa makombo ya bugali.

Kuna dai jingine lenye uzito zaidi: kwamba mhudumu akijua pesa ni ya wote, bidii yake itapungua. Mmoja atakimbia, mwingine atajikalia, na jioni watapata sawa. Hatari hiyo ipo pale mgawo ukiwa wa kuhesabu vichwa tu. Lakini hatari iliyo upande wa pili haitajwi. Mpishi anayejua kwamba sahani nzuri haimpi chochote zaidi ya sahani mbovu hana sababu ya kumsimamia samaki yule dakika mbili za mwisho. Mhudumu naye, akimiliki matabishi peke yake, humsukuma mpishi atoe meza yake kwanza, na wahudumu huanza kununua upendeleo wa jiko kwa siri, soda leo, noti kesho. Yaani kugawana kunatokea tayari, ila kwa njia ya hongo. Jijini New York mwenye migahawa Danny Meyer aliona pengo kati ya mapato ya ukumbini na ya jikoni linazidi kupanuka, na mwaka 2015 akaanza kuondoa bakshishi kabisa katika migahawa yake na kupandisha bei ili wote walipwe mshahara bora. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, akairudisha. Jaribio lake linanionyesha kwamba kufuta desturi ya wateja ni kazi ngumu hata kwa tajiri. Kuigawa ni jambo linalowezekana hata kwa kibanda chenye meza nne.

Hoja ninayoiogopa mimi mwenyewe ni ya patroni. Pesa ikishakusanywa mahali pamoja huwa na mvuto, na mwenye nyumba ni rahisi kusema: mpishi sasa ana matabishi, mshahara wake wa nini niuongeze? Hofu hii si ya kubuni, na ndiyo sababu nchi zilizotunga sheria zimeanzia hapo. Marekani ilirekebisha sheria yake mwaka 2018: mwajiri anayelipa mshahara kamili wa kima cha chini anaweza kuweka utaratibu wa kugawana na jikoni, lakini mwajiri, meneja na msimamizi hawaruhusiwi kuchukua chochote. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, inayomtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote na kuigawa kwa haki na kwa uwazi. Jirani zetu Kenya wameingiza jambo hili katika sheria ya kodi ya ongezeko la thamani: ada ya huduma inayotozwa badala ya bakshishi haihesabiwi katika kodi ikiwa haizidi asilimia 10 na inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja kwa makubaliano yaliyoandikwa. Ufaransa nayo, kwa sheria ya Julai 1933, ilisema pesa hiyo ni ya wanaokutana na mteja. Sheria hiyo ilitungwa kumzuia mwajiri asiile, na hilo ilifanya vyema. Jiko lililosahaulika ndilo bei iliyolipwa. Kwetu Kongo mtu hawezi kungoja sheria ya namna hiyo ifike Kasenyi. Makubaliano ya wafanyakazi wa nyumba moja, yaliyoandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi na patroni pia, yanaweza kuanza Jumatatu.

Suala la mshahara halikwepeki hapa. Mei 2018 serikali yetu iliweka kima cha chini cha faranga 7,075 kwa siku kwa kibarua asiye na ujuzi, zaidi kidogo ya dola 4 kwa bei ya wakati ule. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, kima rasmi kimebaki shilingi 6,000 kwa mwezi tangu mwaka 1984, kiasi ambacho leo hakilishi mtu siku mbili. Sasa kumbuka historia ya Bunia. Tangu jeshi la Ulaya la operesheni Artemis lilipoingia mwaka 2003, pamoja na Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, na tena wakati wa Ebola kati ya 2018 na 2020, mji umekuwa na wateja wanaolipwa kwa dola. Noti moja ya dola 5 iliyoachwa na mteja wa namna hiyo mwaka 2018 ilizidi kima cha chini cha siku nzima. Mhudumu mmoja akipata mbili kama hizo kwa jioni moja, na mpishi aliyesimama motoni tangu asubuhi akaondoka na mshahara wake mtupu, nyumba hiyo haiwezi kuwa na amani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kiasi chetu ni kidogo mno kugombewa. Pale mshahara ulipo mdogo ndipo noti moja inapoamua kama mtoto atalala ameshiba.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mgahawa una wahudumu watatu, wapishi wawili na mwosha vyombo mmoja, na jioni zimekusanyika faranga 40,000. Wakikubaliana sitini kwa mia ziende ukumbini, wahudumu wanapata 24,000, kila mmoja 8,000. Thelathini kwa mia ni 12,000, kila mpishi 6,000. Aliyeosha vyombo anapata 4,000. Mhudumu bado ndiye wa kwanza. Viwango si amri; penye jiko kubwa na mhudumu mmoja hesabu itageuka, na pesa iliyotumwa kwa M-Pesa au Airtel Money kwenye simu ya mhudumu nayo iingie hesabuni, vinginevyo sanduku litabaki la wenye kulipa taslimu tu. Na mteja akimwita mhudumu kwa jina na kumwambia hii ni ya dawa ya mwanao, hiyo ni zawadi yake, isiguswe. Mtu mzima anajua tofauti.

Wengine watauliza: ukimwingiza mpishi, kwa nini usimwingize muuza makala, mama aliyempasua samaki ufukoni, dereva aliyepanda mlima wa Bogoro? Swali ni zuri, na jibu lake linaonyesha mpaka ulipo. Mama wa Kasenyi akiuza samaki hutaja bei yake. Ziwa likichafuka na samaki wakiadimika, bei hupanda, naye hupata kitu. Dereva na muuza makala vilevile. Mpishi na mwosha vyombo hawana bei ya kutaja. Ukumbi ukijaa mara mbili, kazi yao inakuwa mara mbili na malipo ni yaleyale. Wao na mhudumu ndio watu ambao siku njema ya mgahawa huwaongezea jasho bila kuwaongezea pato, isipokuwa kwa kile mteja anachokiacha mezani. Hapo ndipo mstari unapopita, na sioni sababu ya kuusogeza mbele wala kuurudisha nyuma mpaka kwenye mlango wa jiko.

Limebaki jambo la nani anashika pesa. Si patroni, wala si mhudumu mkongwe anayeogopwa na wengine. Ufunguo wa sanduku unaweza kuzunguka kwa wiki, wiki hii ukumbini, wiki ijayo jikoni. Daftari ni zuri, lakini katika nyumba nyingi aliye chini kabisa kwa cheo ndiye ambaye hakupata kusoma, na daftari lisilosomeka kwake ni mfuko mwingine uliofungwa. Kwa hiyo pesa ihesabiwe kila usiku kwa sauti, meza zikiwa zimefutwa, mbabula zimezimwa, noti moja baada ya nyingine juu ya meza, na isianze kuhesabiwa mpaka binti wa vyombo awe amekausha mikono na kuja kusimama pamoja na wengine.